Maandiko ya Kihindu: uanze na kipi, na guru anaingia wapi

Nilipokuwa mdogo Tanga kulikuwa na bi mmoja jirani yetu, kila akija dukani kuchukua doti ya khanga lazima akae kidogo kwenye benchi apige stori na bibi yangu, na siku moja akauliza swali ambalo mpaka leo bado naulizwa na watu, "Hivi sisi tuna Kurani, Wakristo wana Biblia, nyie kitabu chenu ni kipi?" Bibi akaonyesha kwa kidole rafu ya juu nyuma ya kaunta, pale alipokuwa anaweka Gita yake ya Kigujarati, kitabu kitakatifu cha sisi Wahindu, imefungwa kwenye kitambaa chekundu na pembeni yake kile kibao cha kukunjua cha kuwekea kitabu wakati wa kusoma. Yule bi alipokiona kibao akafurahi, akasema "ah, kumbe na nyie mna marufaa". Wakaendelea na mambo ya khanga, wote wawili wameridhika.

Jibu la bibi lilikuwa sahihi kabisa, kwa bibi. Mwaka jana mtoto wa shangazi yangu, ambaye familia yao ilishahamia Leicester, Uingereza, zamani, akanitumia voisi ananiambia, "Kaka, nataka kuisoma dini yetu kwa kweli sio kuisikia sikia tu, nianze na kitabu gani na je lazima nitafute guru, yani mwalimu wa kiroho, kwanza?" Nikakaa na lile swali siku mbili nzima, maana nilijua nikimjibu haraka haraka nitampoteza kama mimi nilivyopotea. Haya ninayoandika hapa ndo yale niliyomwambia, nimeyapanua kidogo tu kwa ajili ya mtu yeyote anayetaka kuelewa, awe Mhindu au jirani wa Wahindu.

Kwanza neno lenyewe, sababu huku kwetu linachanganya sana. Mhindi ni mtu mwenye asili ya India, Mhindu ni mtu wa dini. Huyo Mhindi unayemwona mtaani anaweza akawa Ismailia, Bohora, Singasinga, Mjaini au Mgoa Mkatoliki, na wote hao hawahusiki na vitabu ninavyovitaja hapa kama maandiko yao. Basi tuendelee.

Uhindu hauna kitabu kimoja. Hauna mtume mmoja aliyeuanzisha, na hakukuwahi kuwa na kikao cha wakubwa kilichokaa kikapanga kwamba vitabu hivi vinaingia na vile vinatoka. Kilichopo ni rundo kubwa la maandiko ya zaidi ya miaka 3,000, na wenyewe wameligawa mafungu mawili. Kuna Shruti, yani kilichosikiwa, na kuna Smriti, yani kilichokumbukwa. Shruti ni Veda nne, Rigveda, Yajurveda, Samaveda na Atharvaveda, na kila Veda ina tabaka zake, mwanzoni nyimbo na mantra, yani maneno matakatifu ya kutamkwa, alafu maelezo ya ibada na kafara, alafu tafakuri za watu waliojitenga msituni, na mwishoni kabisa Upanishadi ambazo zinaacha habari za kafara zinaanza kuuliza mimi ni nani, nikifa kinabaki nini, huu ulimwengu umesimama juu ya nini. Smriti ndo kila kitu kingine: tenzi ndefu mbili, Ramayana yenye beti kama 24,000 na Mahabharata ambayo kwa desturi huhesabiwa beti 100,000 na ndani yake ndo imo Gita, Purana kubwa 18 ambazo ni vitabu vya hadithi za miungu, na vitabu vya sheria na desturi.

Tofauti ya mafungu haya ina uzito kweli kweli. Shruti inahesabiwa haina mtunzi, waonaji wa zamani waliisikia tu. Smriti ina watunzi, ina zama zake, na kanuni ya wanazuoni wenyewe wa Kihindu ni kwamba Smriti ikigongana na Shruti basi Shruti ndo inasimama. Kwa hiyo mtu akikuletea Manusmriti, kile kitabu cha sheria chenye maneno mazito ya kuwakandamiza wanawake na watu wa tabaka la chini, akakwambia "hii ndo dini yako meza yote", mjue hajakwambia ukweli mzima. Tarehe 25 Desemba 1927 pale Mahad, India, B. R. Ambedkar, mtetezi wa watu wa tabaka la chini, na wenzake walikichoma hadharani, na wapo Wahindu wengi wacha Mungu kabisa ambao hawajawahi kukifungua wala kukihitaji maisha yao yote. Mi sikipendekezi kwa anayeanza. Asome baadaye kama historia, ajue watu walipitishwa wapi.

Sasa guru. Kabla hatujaenda kwenye mambo ya kiroho elewa kitu kimoja cha kawaida tu, kwamba kwa karne nyingi sana Veda hazikuandikwa. Kitabu kilikuwa ni koo la mwalimu. Rigveda ina nyimbo 1,028, beti zaidi ya 10,000, na watoto walikaa chini ya mwalimu wakazihifadhi neno kwa neno, lafudhi kwa lafudhi. Waliosoma madrasa wanajua ninachosema, ule mtindo wa mwalimu anatamka unarudia anatamka unarudia mpaka ulimi unashika wenyewe. Ila hawa walienda mbali zaidi, walitengeneza njia za kusuka maneno ili kosa likiingia lionekane papo hapo. Kwenye njia inayoitwa ghana, ukiwa na maneno matatu unayasoma hivi: moja mbili, mbili moja, moja mbili tatu, tatu mbili moja, moja mbili tatu, alafu unasogea neno moja mbele unaanza tena. Nilishawahi kumsikiliza mzee mmoja akisoma hivyo, macho amefumba, kidole gumba kinatembea kwenye pingili za vidole vingine anahesabu, na sauti inapanda inashuka kama mtu anayesuka ukili. UNESCO waliutangaza usomaji huu wa Veda kuwa urithi wa binadamu mwaka 2003. Kwa hiyo wakati ule mtu akisema "huwezi kusoma bila guru" hakuwa anatishia mtu, ndo ilikuwa hali halisi, bila guru hicho kitabu chenyewe hukipati.

Siku hizi kitabu kipo kwenye simu. Hapo ndo watu tunapotumbukia.

Mi mwenyewe nikiwa chuo Dar nilisikia Veda ndo chimbuko la yote, nikajisemea basi naanzia kwenye chimbuko, nikatafuta tafsiri ya Rigveda nikaanza ukurasa wa kwanza. Wimbo wa kwanza unamsifu Agni, moto, kuhani wa kafara. Mzuri. Wa pili Vayu, upepo. Baada ya hapo mungu Indra anakunywa soma, kinywaji cha kafara, Indra anapiga joka, Indra anaombwa ng'ombe na farasi, kurasa kwa kurasa, na mimi sijui hicho kinywaji ni nini, sijui kafara ilifanywaje, sijui wimbo upi uliimbwa saa ngapi na nani. Nilifika kama nusu ya kitabu cha kwanza kati ya vitabu kumi nikaacha, na kibaya zaidi niliacha nikiwa naamini kwamba dini ya bibi yangu haina kitu. Ilinichukua miaka kurudi. Na niliporudi ndo nikajua kwamba kule mbele kabisa kwenye kitabu cha kumi kuna ule wimbo wa 129 unaouliza uumbaji ulitoka wapi, na unamalizia kwa kusema huenda anayeuangalia kutoka mbingu ya juu kabisa anajua, au huenda naye hajui. Ningekuwa na mtu wa kunishika mkono angeniambia anzia hapa mwanangu, kule kwingine utarudi ukishajua kafara ni nini.

Cha kushangaza ni kwamba wahenga wenyewe waliliona hili tatizo la uchague kipi. Kuna Upanishadi moja ndogo inaitwa Muktika, ndani yake Hanuman, yule nyani shujaa wa Ramayana, anamuuliza bwana wake Rama njia ya kufunguka, na Rama anampa ngazi: Mandukya peke yake inatosha kwa anayetafuta ukombozi. Kama hiyo haijakufikisha, soma zile Upanishadi kumi kuu. Bado? Soma 32. Bado kabisa? Soma zote 108. Yani anaanza na kilicho kifupi kuliko vyote, maana Mandukya ina mantra 12 tu, unaimaliza kabla chai haijapoa. Shida ni kwamba zile 12 zimekazwa kiasi kwamba mtu anaweza kuzisoma mara mia asione kitu, ndo maana ngazi ikawekwa. Mi napenda sana moyo wa hili jibu. Halikwambii soma vyote, linakwambia soma kinachokutosha wewe, ukiona hujafika ongeza.

Alafu kuna jambo ambalo vitabu vingi vya utangulizi havisemi waziwazi, kwamba mtu hasomi "Uhindu", mtu anasoma ndani ya sampradaya, yani mnyororo wa walimu na wanafunzi walioshikana tangu zamani, na kila mnyororo una vitabu vyake vya mezani. Wafuasi wa Shankara, mwalimu wa karne ya 8 hivi, wanasimama juu ya vitu vitatu, Upanishadi, Brahma Sutra ambayo ni kanuni fupi fupi za falsafa, na Gita. Wafuasi wa Chaitanya wa Bengal, wanaomwabudu Krishna, wana Gita na Bhagavata Purana, ile yenye beti 18,000 kwa hesabu ya desturi ambayo sehemu yake ya kumi ndo habari za Krishna mtoto mwizi wa siagi. Washaiva wa Kitamil, wanaomwabudu Shiva, wana Tirumurai, nyimbo za watakatifu wao katika Kitamil, vitabu 12. Wanaomwabudu Mama, Devi, wana Devi Mahatmya yenye mantra 700, inasomwa siku tisa za Navaratri, sikukuu ya Mama. Kaskazini mwa India kijiji kizima kinaweza kisijue Upanishadi hata moja kwa jina ila kinaijua kwa moyo Ramcharitmanas, Ramayana ya Tulsidas aliyoanza kuitunga mwaka 1574 kwa lugha ya watu, Kiawadhi, ili mkulima aelewe.

Na haya yote yako huku kwetu, watu hawajui tu. Arya Samaj, iliyoanzishwa Mumbai mwaka 1875 na Swami Dayananda Saraswati, wanasema Veda tu basi, Purana na sanamu hapana, nao wako Afrika Mashariki tangu enzi za mkoloni. Waswaminarayan, ambao hekalu lao kubwa la mawe na mbao la Nairobi lilifunguliwa 1999, wana Vachanamrut, mazungumzo ya mwalimu wao yaliyoandikwa na wanafunzi, na Shikshapatri ya mwaka 1826 yenye beti 212 za namna ya kuishi kila siku. Pale Kisutu Dar unaweza kutoka hekalu moja ukaingia lingine kwa hatua chache tu na ukakuta kitabu tofauti kwenye meza. Hawagombani. Kila mmoja ameshika uzi wake.

Familia yetu ilikuwa na uzi gani? Kusema kweli wa bibi. Kila mwezi mpevu alifanya Satyanarayan katha nyumbani, ibada ya kusoma hadithi inayohesabiwa kuwa imetoka Skanda Purana, na sisi watoto tulikaa chini tunasubiri shiro, ile halua ya suji yenye samli na hiliki, huku maharaj, yani kuhani, anasoma habari za mfanyabiashara aliyeweka nadhiri akaisahau, jahazi lake lililojaa mali likageuka kuwa limejaa majani, na baadaye binti yake akakimbilia bandarini kumlaki mume bila kuonja prasadi, chakula kilichobarikiwa, na chombo kikazama mbele ya macho yake. Tulikuwa watoto wa Tanga, tunajua jahazi, ile hadithi ilituingia mpaka kwenye mifupa na hakuna aliyetoka bila kula. Ndo kazi ya Purana hiyo. Ukimdharau mtu anayejua hadithi tu na hajui falsafa utakuwa umekosea, maana huyo bibi alikuwa ameshika kitu kuhusu kutimiza ahadi ambacho mimi na vitabu vyangu vya chuo nilikuwa sijakishika.

Haya, sasa nifike pale penye kiini cha jambo, na hapa naomba uende nami taratibu.

Kwenye Chandogya Upanishadi, sehemu ya sita, kuna kijana anaitwa Shvetaketu. Alienda kwa mwalimu akiwa na miaka 12, karudi na 24, kasoma Veda zote, kichwa kimevimba. Baba yake Uddalaka anamtazama anamuuliza, je uliuliza kile ambacho ukikijua umejua hata kisichosikika? Kijana hajui. Basi baba anaanza kumfundisha kwa vitu vya nyumbani. Anamwambia weka chumvi kwenye maji, njoo asubuhi. Asubuhi anamwambia nipe ile chumvi. Kijana anapapasa, haipo. Onja kwa juu, kukoje? Chumvi. Onja katikati? Chumvi. Onja chini? Chumvi. Huoni mwanangu lakini ipo humo humo. Alafu anamwambia maneno matatu ambayo anayarudia mara tisa kwenye ile sura: tat tvam asi, hicho ndicho wewe.

Maneno matatu tu. Shankara akasema maana yake nafsi yako na Brahman, yani ule uhalisia mmoja wa yote, ni kitu kimoja bila tofauti. Ramanuja, karne kadhaa baadaye, akasema hapana, ni kama mwili na roho, wewe ni mwili wa Mungu, mmeungana ila hamjawa sawa. Madhva wa karne ya 13 akasema neno la kabla yake limeungana na tat, kwa hiyo kata vingine, isomeke atat tvam asi, hicho sicho wewe. Herufi zile zile! Kwa Kisanskriti maneno yakikutana yanashikana, na kukata kwake kunategemea nani ameshika kisu.

Kwa hiyo ukienda mtandaoni ukapakua tafsiri ya Upanishadi au ya Gita ukasema "mi sina guru, nasoma mwenyewe", jua kwamba guru unaye tayari, ni yule mtafsiri. Amekaa ndani ya kila mstari anakuchagulia, na wewe hujamwona uso wala hujamuuliza swali hata moja. Swali la kitabu gani na swali la guru gani ni swali moja, na mtu akikwambia anaweza kukujibu moja bila lingine bado hajaingia ndani.

Basi guru anafanya nini hasa? Jibu zuri kuliko yote niliyowahi kusoma liko hapo hapo Chandogya, mara tu baada ya ile chumvi. Uddalaka anamwambia mwanawe, fikiria mtu ametolewa kwao Gandhara amefungwa kitambaa machoni, akaachwa nyikani pasipo na watu. Anageuka mashariki, anageuka kaskazini, kusini, analia "nimeletwa nimefungwa macho, nimeachwa nimefungwa macho". Anatokea mtu, anamfungua kitambaa, anamwambia Gandhara iko upande ule, nenda upande ule. Na yule mtu, akiwa ana akili zake, anakwenda kijiji hadi kijiji akiulizia, mpaka anafika kwao. Hivyo ndivyo, anasema Uddalaka, mwenye mwalimu hujua.

Angalia nani anatembea. Yule msamaria anafungua kitambaa na kuonyesha upande, basi. Hambebi mgongoni, hamwambii nipe kila ulicho nacho ndo nikufungue, hamfungi kitambaa kingine cha rangi yake. Na msafiri anaulizia njia kwa wengine kila kijiji, hakuna aliyemkataza. Mi nikikutana na mtu anaitwa guru huwa nampima kwa hii hadithi.

Vipimo vingine vipo kwenye maandiko wazi kabisa. Mundaka Upanishadi inasema anayetaka kujua aende kwa guru akiwa na kuni mkononi, kuni za moto wa mwalimu, yani amekuja kutumika na amekuja kuwashwa, na huyo guru awe na sifa mbili: ayajue maandiko aliyopokea kwa walimu wake, na awe amesimama ndani ya Brahman mwenyewe. Zote mbili. Msomi asiye na maisha hayo atakupa maneno, na mwenye maono asiye na maandiko hana wa kumsahihisha akiteleza. Msomi Narada aliwahi kwenda kwa mwalimu Sanatkumara, inasimuliwa hapo hapo Chandogya, akataja orodha ya alivyosoma, Veda zote nne, itihasa yani habari za kale, purana, sarufi, hesabu, nyota, elimu ya nyoka, alafu akasema kwa uchungu kwamba najua maneno tu, nafsi siijui, na nina huzuni. Msomi mkubwa vile anasema nina huzuni. Kila nikisoma pale nasimama kidogo.

Na Gita 4:34 inasema ujifunze kwa kuinama, kwa kuuliza na kwa kutumika. Watu wanapenda kunukuu kuinama na kutumika wanaruka kuuliza, na hapo katikati ndo pana usalama wako. Nakumbuka miaka ile nikiwa natafuta, alikuja mtu mmoja kutoka nje akakaa kwa familia moja wiki kama tatu, jioni watu wanajaa sebuleni, sauti nzuri, bhajani yani nyimbo za ibada nzuri, na mimi nilivutwa kweli. Siku moja dada mmoja akauliza swali la kawaida sana, mbona jana ulisema hivi na leo vile. Yule bwana akanyamaza, alafu akasema kuuliza ni kiburi, na mwenye kiburi hapati neema. Sebule nzima ikamgeukia yule dada kwa macho. Wiki hiyo hiyo zikaanza habari za dhahabu, nani atoe bangili ngapi. Nilitoka siku ile sikurudi, ila yule dada alibeba aibu isiyo yake kwa muda mrefu na bado linaniuma. Na kuna makubwa kuliko hayo, mwaka 2017 na 2018 mahakama za India ziliwatia hatiani kwa ubakaji viongozi wawili waliokuwa na wafuasi wengi ajabu. Waliowafuata hawakuwa wajinga, walifundishwa kuinama wakanyimwa kuuliza.

Linganisha na Krishna mwenyewe, Mungu anayezungumza na askari Arjuna kwenye uwanja wa vita ndani ya Gita. Katika sura zote 18 Arjuna anauliza, anapinga, anasema sielewi, na mwisho kabisa, 18:63, Krishna anamwambia nimekupa elimu hii ya siri kuliko siri, itafakari yote bila kubakiza, alafu fanya upendavyo. Mungu anasema fanya upendavyo. Sasa mtu wa nyama na damu anayekataza swali amepata wapi hiyo ruhusa?

Tusichanganye vyeo pia. Yule maharaj anayekuja nyumbani kufanya puja, yani ibada, na harusi ni kuhani, anaweza asiwe guru wa mtu yeyote. Swami ni jina la heshima la mtawa, halimaanishi moja kwa moja kwamba ni guru wako. Kuna anayekufundisha kitabu na kuna anayekupa diksha, yani kukuingiza rasmi kwenye mnyororo na kukupa mantra, na hii ya pili haina haraka, watu wanakaa na mwalimu miaka kabla ya kuiomba. Wa kwanza wanaweza kuwa wengi. Kwenye Bhagavata yuko yule mzururaji aliyehesabu guru zake 24, ardhi, upepo, nyuki, chatu, mpaka njiwa aliyekufa kwa kung'ang'ania wanawe wavuni. Na wapo wachache kama Ramana Maharshi, aliyefariki 1950, ambaye hakuwa na guru wa kibinadamu kabisa, ila hata yeye alipokuja kusomewa vitabu baadaye ndo akakuta yanasema lile alilolipata.

Ila ukitaka kuona kwa nini bado guru ana nafasi, soma habari za Satyakama. Kijana hana baba anayejulikana, mama yake anamwambia sijui wewe ni wa ukoo gani, mwambie mwalimu hivyo hivyo. Mwalimu anapouliza ukoo naye anasema ukweli, na mwalimu anampokea kwa ule ukweli tu. Anampa ng'ombe 400 dhaifu akachunge, na kijana anaapa harudi mpaka wawe 1,000. Huko porini anafundishwa na fahali, na moto, na ndege wawili. Anarudi uso unang'aa, mwalimu anamwambia unang'aa kama ajuaye Brahman, nani kakufundisha? Anajibu, si binadamu, ila nataka wewe unifundishe, maana nimesikia elimu ipokewayo kwa mwalimu ndiyo ifikishayo vizuri. Keshajua na bado anataka kusikia kwa mtu. Dunia nzima ilimfundisha, alichobakiza ni mtu mmoja wa kumwambia ndiyo, hicho ulichokiona ndicho.

Kwa hiyo huyu mdogo wangu wa Leicester nilimwambia hivi. Anza na Gita, beti 700, sura 18, maana humo kuna mtu aliyechanganyikiwa kama wewe na inazungumza na kila njia, ya kazi, ya ujuzi na ya mapenzi kwa Mungu. Usiisome kama riwaya, soma sura ya pili na ya tatu polepole, na ukichoka nenda ya 12 ambayo ni fupi sana, beti 20 tu, bibi alikuwa anaisoma kila siku kabla ya kufungua duka. Chukua tafsiri mbili za sampradaya mbili tofauti uziweke pamoja, pale zinapotofautiana weka alama ya penseli, hapo ndo pana swali lako. Kila siku ya Gita soma na Katha Upanishadi kidogo, ile ya kijana Nachiketa anayemhoji Mauti mlangoni kwake. Rigveda iache kwanza. Na guru usimtafute kama mtu anavyotafuta mchumba, nenda hekalu lililo karibu nawe kwenye darasa la wiki, tafuta yule mama au mzee anayefundisha bila kipaza sauti, muulize swali lako la penseli, uone anakuwa na uso gani ukimuuliza.

Alienda kimya kama mwezi na nusu. Alafu usiku mmoja ikaingia voisi, ana hasira kabisa, anasema kaka mi huyu Krishna simuelewi, sura ya pili nzima anasema ujuzi ni bora kuliko kazi, tulia, acha tamaa, alafu hapo hapo anamwambia mwenzie simama upigane, sasa ashike lipi, mbona anamchanganya? Nikamuuliza umefika wapi. Akasema mwisho wa sura ya pili, nimefunga kitabu. Nikamwambia fungua sura ya tatu, ubeti wa kwanza na wa pili, nisomee kwa sauti.

Akasoma. Arjuna anasema, kama waona ujuzi ni bora kuliko kazi, kwa nini basi wanisukuma kwenye kazi hii ya kutisha? Kwa maneno yanayogongana unaichanganya akili yangu, niambie moja lililo hakika.

Akanyamaza kwenye simu, alafu akasema, "Subiri kaka, naendelea."